Acha Kumtazama Stelingi, Hesabu Pesa

Mbalamwezi ikishika Ziwa Tanganyika, mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma hupoa. Dagaa hawafuati taa wakati anga zima ni taa, kwa hiyo vipe vinavutwa ufukweni, karabai na taa za sola zinatundikwa, na vijana waliozoea kurudi alfajiri wakinuka samaki wanakesha nchi kavu bila senti mpya mfukoni. Mama lishe anafungua ukurasa mwingine wa madeni. Mwenye kibanda cha video naye anafurahi, maana hizo siku chache za mwezi mpevu ndiyo mavuno yake.

Mimi hukaa nyuma, karibu na mlango, na daftari la mistari mapajani. Wenzangu wanamtazama stelingi. Mimi nahesabu pesa. Kila fedha inapobadilisha mikono kwenye picha naandika: kiasi gani, imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani, nani alishuhudia. Tabia hii nimeirithi kwa bibi yangu wa Ujiji, aliyeuza mawese kwa chupa na kuweka hesabu za wateja kwa alama za mkaa ukutani. Kihindi hakujua, Kiingereza hakujua, lakini picha ikiisha alikuwa na uwezo wa kukuambia nani anamdai nani. Katikati ya wimbo mtamu, wakati sisi watoto tunafuta machozi, yeye angesema tu, "Hapo shamba limekwenda."

Siku hizi mwenye kibanda ananiruhusu siku moja kila mbalamwezi kuleta flashi yangu ya picha za kale. Kusema kweli, nusu ya watu hutoka kwenda kutafuta ngumi kwingine. Wanaobaki hubishana mpaka usiku wa manane, na ushauri ninaoutoa hapa umetoka kwenye ubishi huo. Sikuelekezi namna ya kuwa tajiri. Nimeona tu kwamba katika picha nyingi, kama mwaloni, mtu hapotezi mali kwa uvivu. Anaipoteza katikati, baada ya kufanya kazi na kabla pesa haijatulia mkononi mwake. Hapo katikati ndipo pa kutazama.

Nianze na picha iliyo jirani yetu kuliko zote. The African Queen ilitoka 1951, ikaongozwa na John Huston kutoka riwaya ya C. S. Forester ya 1935. Ilipigwa Uganda na Kongo, lakini kisa chake kimeokotwa hapa, kwenye mapambano ya meli za Wajerumani na maboti ya Waingereza ndani ya ziwa letu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Humphrey Bogart, aliyepata Oscar kwa picha hii, ni Charlie Allnut, fundi na nahodha wa kiboti cha mvuke kilichochoka. Bomba la mashine yake huziba, mvuke ukapanda, naye akalipiga teke mpaka lifunguke. Anapoulizwa kwa nini halitengenezi, anaeleza kwamba kijana wake mmoja aliangusha bisibisi ndani. Kuitoa si kazi kubwa. Ila amezoea teke, na isitoshe anaona raha kulipiga.

Kibanda kizima kilicheka, kwa sababu kila mmoja alimwona Allnut wake. Mwaloni kwetu zipo mashine za boti zinazovutwa kamba mara thelathini kabla ya kuwaka, na mwenyewe anakuambia kwa fahari kwamba hakuna mwingine anayeijua. Fahari hiyo ni ghali. Nakushauri ufanye hesabu ninayoiita gharama ya teke: mafuta yanayomwagika kila asubuhi, saa unayochelewa kufika penye dagaa, kijana unayemlipa kukung'uta maji, usiku mmoja kwa mwezi mashine inapogoma kabisa. Andika kwa mwezi mmoja tu, kisha linganisha na bei ya fundi. Wengi niliowaona wakifanya hivyo walikuta wamekwisha kumlipa fundi mara mbili bila fundi kugusa kitu.

Sasa weka picha pembeni utazame kilichotokea kweli. Meli ya adui katika sinema inalipuliwa. Meli iliyompa mwandishi wazo haikulipuliwa na mtu. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa Reli ya Kati, ikaundwa upya na kushushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916, vita ikiwaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiibua 1924 walikuta mashine inafaa, na 1927 ikaanza kazi kama Liemba, meli ambayo wazee wetu waliipanda, wazazi wetu waliipanda, na wengi wetu tumetapika ndani yake tukienda Kasanga.

Hebu fikiri hali ya wale mafundi. Wameshindwa, wanakimbia, chombo si chao tena, na bado wanapaka grisi. Ukiegesha boti kwa mbalamwezi, ukifunga cherehani kwa sababu wateja hawaji, ukiacha pikipiki kwa kaka yako na kwenda Dar, kazi ya mwisho iwe grisi. Na ili pesa ya grisi ipatikane, nina pendekezo ambalo wavuvi wawili watatu wamelikubali: kwenye mgao wa kila usiku, mashine ihesabiwe kama mtu. Vijana wanne na tajiri mwenye chombo wanapogawana, liwepo jina jingine kwenye orodha, Mashine, na fungu lake lisikopwe na mtu yeyote, hata tajiri.

Nikiwa bado kwenye picha hii, niseme la pembeni. Wakati wa kupiga picha huko porini karibu kambi nzima iliugua tumbo, na Katharine Hepburn, aliyekuwa mwangalifu wa kunywa maji tu, aliumwa sana. Bogart na Huston walibaki wazima, na walijisifu kwamba ni kwa sababu walikunywa whisky. Usichukue ushauri wao. Chukua huu: siku za kazi zinazopotea kwa kuhara nazo ni pesa, na maji ya kuchemsha ni ya bei nafuu kuliko whisky na kuliko dripu.

Ujiji nayo ina picha yake, Stanley and Livingstone ya 1939, Spencer Tracy akiwa Stanley. Sitakaa nayo sana. Mzungu anamtafuta Mzungu, wanakutana, wanapeana mikono. Ukiitazama kwa daftari utaona jambo moja: safari nzima ya 1871 imebebwa na wapagazi ambao picha haiwapi hata dakika ya kuzungumzia ujira wao, wakati katika maisha ya kweli mpagazi Mnyamwezi alijadiliana mshahara, akataka doti za kitambaa mapema, na akionewa aliweka mzigo chini akaondoka. Ukiona hadithi ya mafanikio ya mtu yeyote, iwe kwenye skrini au kwenye harusi, uliza nani alibeba mzigo na alilipwaje. Basi.

Picha iliyotukalisha usiku mrefu kuliko zote ni Mother India ya Mehboob Khan, 1957, Nargis akiwa Radha. Hii ndiyo aliyoipenda bibi. Harusi ya Radha inalipiwa na mama mkwe kwa mkopo wa rupia 500 kutoka kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji. Mama mkwe hajui kusoma. Masharti yanapobishaniwa, wazee wanampa ushindi mwenye karatasi, na kuanzia hapo familia inatoa robo tatu ya mavuno kila msimu kama riba tu. Deni lenyewe liko palepale. Mume na mke wanafanya kile ambacho mtu yeyote mchapakazi angefanya, wanaongeza kazi. Wanakwenda kuvunja shamba jipya lenye mawe, jiwe linamwangukia mume na kumponda mikono, na baadaye kwa aibu anaondoka asirudi. Bibi hakumlaumu mume hata kidogo. Alichouliza kila mara ni: ile karatasi ilisomwa na nani?

Ndugu msomaji, hapa nataka tukae. Kwa mbalamwezi mvuvi anakula bila kuvua. Anakwenda kwa mchuuzi, anachukua pesa, au nyavu, au mafuta, na sharti ni kwamba giza likirudi samaki wote watauzwa kwa huyo huyo, kwa bei atakayoipanga yeye. Hakuna aliyetamka neno riba. Mvuvi anatoka akisema amesaidiwa, na kweli amesaidiwa; watoto wamekula. Lakini tuseme umechukua shilingi 300,000, na mchuuzi anakukata shilingi 500 chini ya bei ya mwaloni kwa kila kilo. Ukimpa kilo 20 kwa usiku, umemwachia 10,000. Ukivua usiku 20 kwa mwezi, umemwachia 200,000, na ile 300,000 bado unadaiwa yote. Miezi miwili umelipa zaidi ya ulichokopa, deni halijasogea hata unyayo. Radha alitoa robo tatu ya mazao akijua anatoa. Wewe unatoa bila kuona, kwa sababu malipo yamejificha ndani ya bei.

Kwa hiyo, kabla ya kuchukua, geuza mkopo wa samaki uwe mkopo wa shilingi. Mwambie mchuuzi kwa heshima: mzee wangu, nikope 300,000, nikurudishie 330,000 kwa tarehe fulani, lakini samaki nimuuzie ninayemtaka. Akikataa, uliza bei itapangwa na nani na siku gani, na kama umekosa samaki wiki nzima itakuwaje. Akikataa hata kujibu hilo, umeshapata jibu. Yapo mazingira ambayo huna njia nyingine, najua, nimeona mtoto mgonjwa akipelekwa hospitali kwa pesa ya mchuuzi saa nane za usiku wakati ndugu wote simu zimezimwa. Chukua, shukuru, na andika siku hiyo hiyo.

Mikopo ya kausha damu nayo usiipe jina la utani ukadhani umeishinda. Kina mama wa sokoni wanakopa 300,000 na kurejesha 10,000 kila siku kwa siku 40, wanaona elfu kumi ni ndogo. Ni 400,000. Laki nzima ya riba kwa siku 40. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Omba kuiona, omba nakala ya mkataba kwa Kiswahili, na usiache kadi ya benki na namba ya siri kwa mtu kama dhamana hata akiapa kwa kaburi la mama yake. Na kabla ya kufika kwake, pita halmashauri ukaulize ule mkopo usio na riba wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Foleni ni ndefu, kikundi lazima kisajiliwe, na utaambiwa uje kesho mara kadhaa. Nenda hiyo kesho.

Kuna ubishi hatukuumaliza kuhusu Birju, mtoto wa Radha, anayekua na hasira na mwishoni anachoma madaftari ya Sukhilala. Vijana walishangilia. Mzee mmoja nyuma yangu akasema ingefaa zaidi angejifunza kuyasoma akiwa mdogo, na kijana mmoja akamjibu kwamba hata angeyasoma, wazee wa kijiji wangempa ushindi Sukhilala. Wote wawili wana hoja. Mimi nina mwelekeo wa mzee, lakini kijana yule ana mkopo mwaloni na mimi sina.

Raj Kapoor naye tulimpitia, Shree 420 ya 1955. Namba 420 ilikuwa kifungu cha utapeli katika sheria ya adhabu ya India ya wakati huo. Watu maskini wanachangishwa rupia 100 kila mmoja kwa ahadi ya nyumba. Tulipofika hapo hakuna aliyehitaji tafsiri. Kila mtu mzima aliukumbuka upatu wa DECI wa 2009, ambapo pesa iliitwa mbegu na kuweka pesa kuliitwa kupanda. Kipimo changu ni kifupi. Biashara ya samaki ina samaki. Biashara ya mawese ina michikichi na pipa linalochemka. Ukimuuliza mtu faida inatoka wapi, naye akakujibu kwamba inatoka kwa wanachama wapya, au akakuambia uwe na imani, nyanyuka kistaarabu uage.

Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, 1948, haina wimbo wala ngumi, na nilidhani kibanda kitabaki mimi na mwenye kibanda. Kilijaa hadi mwisho. Baba mmoja wa Roma amepata kazi ya kubandika matangazo, kazi inayotaka baiskeli, na baiskeli yake iko rehani. Mke wake anatoa mashuka ya kitandani yawekwe rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini, akiwa juu ya ngazi, baiskeli inaibiwa. Zinazobaki ni saa za kutafuta, yeye na mtoto wake, mji mzima. Mkoa wetu umejengwa na baiskeli. Madumu ya mawese, mikungu ya ndizi, kuni na wagonjwa vimepita juu yake. Leo ni bodaboda, ila hofu ni ileile.

Ushauri hapa ni wa karatasi zaidi kuliko wa kufuli. Kijana akichukua pikipiki ya mkataba, analipa kila siku mwaka mzima au zaidi, na siku ya mwisho anakuta kadi ina jina la mtu asiyemjua, aliyemuuzia tajiri wake bila kubadilisha umiliki. Kabla ya kulipa siku ya kwanza, ione kadi kwa macho yako. Nakili namba ya injini na ya chesisi. Mkataba uandikwe, ushuhudiwe na mwenyekiti wa mtaa, useme ukiugua wiki mbili itakuwaje, ikiibiwa nani anabeba hasara, na bima inayolipwa ni ipi. Malipo yapitie simu ili ushahidi ubaki. Ukilipa taslimu, andika na asaini siku hiyo.

Nyuma ya picha hii kuna kisa ninachokipenda kuliko picha. Baba yule, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Picha ikasifiwa dunia nzima. Aliporudi kiwandani na watu wakapunguzwa kazi, naye alipunguzwa, kwa kuwa ilidhaniwa sasa ni tajiri wa sinema. Hakuwa tajiri. Kuonekana una pesa ni gharama ambayo haipo kwenye daftari la mtu. Mvuvi aliyenunua simu kubwa usiku wa kwanza wa mavuno anajua ni shangazi wangapi walimpigia wiki hiyo.

Shangazi hao wanatupeleka Senegal. Mandabi ya Ousmane Sembène, 1968, inazungumza Kiwolofu, na ni picha ndefu ya mwanzo kutengenezwa kwa lugha ya Afrika Magharibi. Ibrahima Dieng hana kazi, ana wake wawili na watoto tele. Mpwa wake, mfagia barabara Paris, anatuma hundi ya posta ya faranga 25,000: 2,000 ni zako mjomba, 3,000 mpe mama, 20,000 niwekee. Kabla Dieng hajafika posta, wake zake wameshachukua mchele dukani kwa mkopo, jirani ameshakuja kukopa, imamu ameshapita. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Kila ofisi inamtuma kwenye nyingine, kila hatua inamla nauli, na mwishoni ndugu msomi aliyepewa idhini ya kumchukulia pesa anamwambia ameibiwa na vibaka.

Ukiwa Kigoma, "wewe ni mtu wa wapi?" si salamu tu. Tumepakana na Burundi, ng'ambo ya maji ni Kongo, ndugu wa damu moja wamelala nchi mbili, na mtu aliyezaliwa Kagunga au Buhigwe anaweza kuulizwa babu yake alizikwa wapi kabla ya kupewa namba ya NIDA. Sina haja ya kulalamika hapa, nashauri. Nenda kutafuta karatasi wakati huzihitaji. Kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, vianzie ofisi ya mtendaji siku ambayo huna safari, huna mkopo unaosubiri, huna mgonjwa. Kusanya vya wazee wangali hai: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, hata risiti ya kodi ya zamani. Hakikisha jina limeandikwa namna moja kila mahali, maana kwetu jina moja lina R hapa na L pale, na herufi hiyo moja imewazuia watu mafao ya marehemu baba yao. Laini ya simu inayopokea pesa isajiliwe kwa alama za vidole vyako mwenyewe, si za shemeji aliyekuwa karibu na wakala siku hiyo. Na pesa ya mtu uliyotunziwa usiitaje kwa sauti. Dieng hakuiba hata faranga, alitangaza tu.

Picha moja ilinipa shida kuitafsiri kwa sababu ya benki, lakini kina mama wa kikundi kimoja cha akiba waliielewa kabla sijamaliza. It's a Wonderful Life ya Frank Capra, 1946. George Bailey anaendesha chama cha akiba na mikopo cha mji mdogo. Hofu ikazuka, watu wakajazana mlangoni kudai pesa zao. George anawaeleza kwamba pesa haipo hapa ndani, iko kwenye nyumba ya jirani yako uliyemkopesha. Anatoa dola 2,000 za fungate yake kuwatuliza. Mmoja anadai 242 zake zote. Mama mwingine anaomba 17 na nusu tu, na George anambusu. Jioni zimebaki dola mbili.

Kina mama walimpenda huyo wa 17 na nusu, lakini mtunza hazina wao alinyanyua kidole kwa jambo jingine. Baadaye kwenye picha, Mjomba Billy anabeba dola 8,000 za chama mkononi kwenda benki, anajisahau kwa kujitapa, anaziacha ndani ya gazeti la adui yao, na chama kinakaribia kufa. "Huyu mzee alibeba peke yake kwa nini?" aliuliza. Kikundi chao kina sanduku lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu wasiolala nyumba moja, na pesa huhesabiwa mbele ya wote kabla kifuniko hakijafungwa. Kikundi chako kikiwa na mtu mmoja mwema anayeaminiwa kubeba kila kitu, mwoneeni huruma. Mnamtwika hatari ambayo wema hauizuii. Billy hakuwa mwizi.

Kwa vijana wetu wanaotengeneza filamu na nyimbo, hiyo hiyo picha ina somo nje ya skrini. Ilipotoka haikurudisha gharama. Mwaka 1974 wenye haki walisahau kuhuisha hakimiliki, vituo vya televisheni vikairusha bure kila Krismasi, na ndipo ikapendwa na nchi nzima, bila wenyewe kulipwa. Hapa kwetu wasanii wengi wa filamu za Bongo waliuza kazi kwa msambazaji kwa mkupuo, master na haki zote, wakati kanda zinazunguka kutoka Kariakoo hadi Bukavu. Ukiuza, andika unauza nini: kuonyesha mara ngapi, wapi, mpaka lini. Sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kumwonyesha mtu.

Mbalamwezi iliyopita tulitazama The Treasure of the Sierra Madre, 1948, Huston na Bogart tena. Wanaume watatu wanachimba dhahabu mlimani Mexico. Wanakubaliana kugawana unga wa dhahabu kila jioni, na kila mmoja anaficha fungu lake. Kuanzia jioni hiyo hawalali vizuri. Niliwauliza wavuvi kosa liko wapi, nikidhani watasema tamaa. Wakasema si tamaa, ni kwamba mgao haukuwa na mtu wa nne wa kushuhudia na hakuna aliyeandika. Kwao mgao unafanyika mchangani, mwanga ukiwepo, gharama za mafuta na chakula zikitolewa kwanza kwa sauti, dagaa wakiwa bado machoni. Ukishaupeleka nyumbani kwa mtu, tayari ni maneno. Huwa nafundishwa kibandani zaidi ya ninavyofundisha.

Mzee Howard, aliyechezwa na baba yake Huston, anakataa kuondoka kabla hawajaufukia mlima na kuurudisha ulivyokuwa. Anasema umewapa mali, wameuumiza. Wenzake wanaona amechoka akili, lakini wanafanya. Hapo kibanda kilinyamaza, kwa sababu kila mtu alifikiria tarehe. Tangu 2024 ziwa upande wetu hufungwa kwa uvuvi miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wazaane. Ni mbalamwezi ya siku tisini na kitu. Wengine walipita kwa kulima mihogo Ilagala, wengine kwa kukamua mawese, wengine kwa kukopa, na hao wa mwisho ndio walioniuliza maswali mengi usiku ule. Tulihesabu pamoja: anayeweka 2,000 kila usiku wa kuvua, usiku 20 kwa mwezi, miezi 9, anaingia kwenye kufungwa na 360,000. Haitoshi miezi mitatu yenye watoto wanne. Mmoja akasema inatosha kuzuia kausha damu wa mwezi wa kwanza. Mwingine akasema dagaa wa mwisho wauzwe wakiwa wakavu, Juni bei ikipanda, badala ya kuwatupa wabichi Mei. Huyo alikuwa na chanja. Wenzake wanaanika mchangani, na wa mchangani hawakai miezi miwili.

Howard hakupata dhahabu. Upepo uliipeperusha yote, ikarudi mlimani. Alipoliona hilo alicheka mpaka akakaa chini, kisha akarudi kijijini ambako alikuwa amemtibu mtoto na watu walimtaka awe mganga wao.

Taa ya kibanda ilipowashwa, kijana mmoja wa kipe, ambaye simu ya mkononi mwake ilikuwa imepasuka kioo chote, aliniomba karatasi. Nilichana ukurasa wa katikati ili daftari lisilegee. Aliandika majina manne polepole, akasimama, akaniuliza kama Mashine inaanza kwa herufi kubwa. Nje mwezi ulikuwa umechelewa kutoka kwa mara ya kwanza wiki hiyo, na chini mwaloni watu walikwishaanza kukung'uta maji kwenye vyombo.